Jinsi Nilivyotangaza Vita Murusagamba

Jumamosi iliyopita, mvua ilipokatika, nilikaa nyuma ya nyumba yangu hapa Murusagamba, hedifoni masikioni, nikicheza gemu la vita vya kale kwenye simu. Ukungu ulitanda migombani mpaka nikasahau ngome inaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Niliona farasi wakipita kimyakimya kati ya mikungu ya ndizi. Mimi na binamu yangu Deo, aliyeko Biharamulo, tulikuwa jeshi moja, tukizungumza humohumo kwenye gemu.

“Deo, wamevuka mto! Wana mikuki! Ficha watu, funga lango!”

Nilidhani nanong'ona. Kumbe masikio yakizibwa, mtu hajisikii anavyopiga kelele. Na huku mpaka wa Burundi hauko mbali. Wapo waliowahi kukimbia vita vya kweli.

Mkono uliponigusa begani, ngome ikayeyuka. Mama Anisia, jirani yangu, alikuwa na godoro kichwani na mjukuu mgongoni. Nyuma yake walisimama wanaume wenye mapanga, na mwenyekiti wa kitongoji akihema.

“Mwalimu,” mwenyekiti akaniuliza kwa sauti ya chini, “wamefika wapi?”

Nikamgeuzia simu. Mama Anisia akainama, akawatazama wale farasi wadogo wakikimbia kwenye kioo. Kisha akalishusha godoro taratibu, akalikalia.