Mkono Usioshtuka

Sukhiya ndiye aliyeinusa harufu kwanza.

"Nani anachoma ngozi?" aliuliza, huku akipanga bangili juu ya mkeka.

Mke wa mwanawe, Sonmati, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, akilainisha lakiri nyekundu, utomvu wa kutengenezea bangili. Akatazama chini. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeegemea ukingo wa jiko, na ngozi imekwisha kukunjamana. Alikiondoa kwa sababu alikiona, si kwa sababu kiliuma.

"Ni lakiri imemwagikia makaa, mama," alisema, akauficha mkono ndani ya sari.

Miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza bangili hapo kijijini, karibu na mji wa Janakpur. Alikwisha kuungua mara nyingi, na kila mara mkono uliruka wenyewe kabla hajajua kulikoni. Leo ulitulia motoni kama wa maiti. Alilikumbuka baka lililopauka chini ya kiwiko, alilodhani ni choa. Akamkumbuka na Jhingur mfinyanzi, aliyejengewa kibanda nje ya kijiji kwa ugonjwa ambao watu hawakuutaja.

Siku nane alijificha. Chooni alijidunga sindano: juu ya kiwiko aliruka, chini yake, kimya. Siku ya tisa kidonda kilitoa usaha, akaaga kuwa anakwenda kununua lakiri, akaingia zahanati.

Muuguzi Indrakala alimfunga kitambaa machoni. "Nitakugusa kwa pamba. Nikikugusa, sema."

Sonmati akangoja. Alisikia feni ikizunguka. "Basi anza, dada."

"Nimekwisha kukugusa mara nne."

Muuguzi alimfungua macho, akapapasa kiwiko. Mshipa wa neva ulikuwa umevimba mnene kama kamba. Kisha akamgonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu ukaruka.

"Sijaurusha mimi," Sonmati alisema kwa hofu.

"Najua. Habari ya pigo imepanda kwa neva hadi uti wa mgongo, na amri imerudi hapo hapo. Haikungoja kichwa chako. Moto nao ni hivyo hivyo: mkono hutoka, halafu ndipo uchungu unapojulikana. Lakini neva ya mkono huu imeugua. Habari haifiki, basi amri itoke wapi?"

"Ni ule wa Jhingur?"

"Ni ukoma. Unatibika. Ukianza vidonge, baada ya muda mfupi humwambukizi mtu. Ganzi ndiyo siwezi kukuahidi kuwa itaondoka."

Nyumbani alimwambia Sukhiya. Jioni mama mkwe aliitenga sahani ya Sonmati karibu na mlango, naye Sonmati akala akihesabu moyoni ni siku ngapi zimebaki kabla hajajengewa kibanda chake.

Mwezi wa tatu wa vidonge, Sukhiya aliirudisha sahani ile penye nyingine. "Njoo ule huku. Huko mlangoni vumbi linakuingilia chakulani," alisema, bila kumtazama.

Vidonge vilimaliza ugonjwa mwaka uliofuata. Vidole viwili havikurudiwa na hisia. Sonmati bado hutengeneza bangili, lakini hafanyi kazi akizungumza tena, wala hageuzi uso akiitwa. Macho yake hayaondoki kwenye mkono wa kushoto, kama mtu anayelinda mtoto wa jirani kando ya kisima.