Nilivyomtangaza Elias

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, mpaka leo ikinijia inakuja na ukungu wake vilevile. Fairfield, hapa Sydney, asubuhi ya Julai, ambayo huku ndiyo baridi yenyewe, nyasi zimelowa, uwanja kama haujaamka, na wachezaji wanatoa moshi mdomoni utadhani kila mtu kameza jiko. Usicheke nikikuita mwanangu. Ndevu zangu bado chache, najua, lakini ujinga nilishaupitia kabla yako, na huo nao ni ukubwa.

Tulikuwa timu ya chuo. Usifikirie chuo cha majoho na kofia, mimi shule yangu iliishia la saba. Chuo chetu kilikuwa cha kujifunza Kiingereza: watu wazima wenye watoto wao tunaimba "my name is" darasani, halafu Jumamosi tunavaa jezi za kijani zilizotupwaya, tunakwenda kucheza ligi. Warundi, Wakongo, Wakenya wawili, na kipa wetu Mwiraki. Na msimu ule tulikuwa tunashinda! Hata wenyewe hatukujua kwa nini. Tulikuwa tunaelea tu juu ya zile nyasi, kama watu walio ndotoni, na hakuna aliyetaka kugeuka ubavu asije akaamka.

Mimi sikucheza sana. Goti. Kusema kweli ni uvivu, lakini wewe andika goti. Kazi yangu ilikuwa kutangaza. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania nilikokulia, redio ilikuwa moja na watu ni umati. Waliokaa nyuma hawasikii kitu, kwa hiyo lazima mwenye koo pana asimame karibu na redio, akisikia mpira umefika wapi, awarudishie wa nyuma kwa kelele. Mwenye koo nilikuwa mimi. Redio ikianza kukwaruza, naongeza ya kwangu. Yapo magoli watu waliyashangilia pale kambini ambayo hayajawahi kufungwa popote duniani.

Sasa huku Sydney nikawa natangaza pembeni mwa uwanja, kwa Kiswahili, na kila mchezaji nikampa jina. Elias, beki wetu, nilimwita Lori. Alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, mzito, mpole. "Lori linakata kona, jamani, pisheni njia, breki hazijulikani!" Watu hoi. Elias mwenyewe alikuwa anatabasamu kutoka mbali, na mimi lile tabasamu nikalifanya ruhusa.

Jumamosi hiyo zilibaki mechi mbili pamoja na ile, na kombe tulikuwa tunaliona kabisa. Akaja mama mmoja simjui, kitenge chini, koti la baridi juu, chupa ya chai mkononi. Akakaa karibu yangu. Nikitangaza anacheka, nikazidi kunoga.

"Kaka, wewe redio umeimeza," akaniambia. "Na huyo Lori ndiye yupi?"

"Yule pale, dada, aliyetanguliwa na tumbo. Akianza kugeuka, wewe nenda sokoni Merrylands kanunue mboga. Ukirudi utamkuta ndiyo anamalizia."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifunga kifuniko cha chupa ya chai taratibu, mpaka mwisho.

"Yule ni mume wangu," akasema. "Nimefika Australia Jumanne."

Na koo langu, mwanangu, lilikuwa limemfikia Elias mwenyewe kule uwanjani. Wakati wa mapumziko Elias akaja kunywa maji, akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Mechi ikaisha tumeshinda, watu wanarukaruka, yeye akavua jezi, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaiweka kwenye benchi.

"Kocha, asante. Mimi basi."

Kocha wetu, Mzee Kabeya, alikuwa Mkongo, hapandishi sauti hata nyumba ikiungua. Akaniita nyuma ya goli.

"Petit, kijana, unajua Elias amemsubiri huyu mke miaka mingapi? Sita. Miaka sita kwenye simu anamwambia, mimi huku ni nguzo ya timu, bila mimi mpira hauchezwi. Na mama wa watu amewatangazia majirani wote kule kambini. Leo amekuja kuiona nguzo. Wewe umemwonyesha nini?"

"Kocha, ulikuwa utani."

"Utani ni wa watu wawili. Yule uliwahi kumpa nafasi ya kukujibu?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Wiki ijayo bila yeye tuko kumi," akasema. "Hiyo niachie mimi, nimeshafungwa sana maishani. Wewe nenda nyumbani kwake."

Jumapili baada ya kanisa nikapanda treni kwenda St Marys, anakoishi Elias, na katoni ya Fanta mapajani, maana kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu. Mkewe, jina lake Consolata, alinipokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikaletewa ugali na maharage. Usiponawa ukala, hakuna anayekusikiliza. Elias alikula huku anatazama sahani. Tulipomaliza nikasema yangu yote.

"Hakuna shida, mdogo wangu," Elias akajibu. "Yameisha."

"Hayajaisha," akasema Consolata. "Shemeji, ulimsema wapi?"

"Uwanjani."

"Palikuwa na watu?"

"Walikuwepo."

"Na hapa mezani kwangu unamwona nani? Fanta tutakunywa, asante. Radhi ipeleke kulekule ulikomvunjia heshima."

Wiki nzima nilikuwa natembea kama mtu aliyemeza saa, nahesabu siku. Jumamosi ikafika, ukungu uleule. Elias alikuja, viatu kwenye mfuko wa plastiki, mkewe nyuma yake kama askari. Nadhani hakuja kwa hiari. Nikasimama mbele ya watu wote kabla refa hajapuliza.

"Jamani, huyu anaitwa Elias. Nilimdharau mbele ya mke wake na mbele yenu. Namwomba radhi."

Wakacheka! Wote! Wakadhani utani unakuja nyuma. Nikarudia, wakacheka zaidi, mmoja akajishika mbavu. Hapo ndipo nilipojua nimejifanya mtu wa namna gani: hata nikilia, watu wanasubiri sehemu ya kuchekesha. Nikarudia mara ya tatu, machozi yananitoka kweli. Wakanyamaza.

Elias akaingia kucheza. Sikudanganyi, hakugeuka shujaa. Dakika za mwisho winga wao mmoja, kijana mwembamba kama ufito, alimpita. Consolata alikuwa kando yangu, na mimi ndiye redio. Ningeweza kukwaruza, nikaongeza ya kwangu. Nikasema nilichokiona.

"Elias amepitwa. Elias anageuka. Elias anarudi... bado anarudi, jamani... bado."

Na katika kusema hivyo nikaona kitu nilichokikosa msimu mzima. Wenzake wepesi wakipitwa walisimama, wakamnyooshea refa mikono. Yeye alirudi. Alirudi polepole kwenye ukungu, kama mtu anayepanda mlima usingizini, mpaka golini, mpira ulikuwa umeshaingia, na bado akaufuata wavuni, akaubeba, akauleta kati.

Tulifungwa moja bila. Kombe likaenda. Consolata alisimama akapiga makofi peke yake, mapigo makubwa, kitenge kinapepea.

"Umetangaza vizuri," Elias aliniambia baadaye, jasho linamtiririka.

"Kaka, tumefungwa."

"Najua. Nilikuwepo."

Tukacheka, safari hii wawili.

Basi nikuambie wazi, maana nyie vijana mliokulia huku mnajibu Kiingereza lakini kusikia mnasikia. Una mdomo mwepesi, nimeshauona, na ni zawadi, bila kicheko baridi ya huku ingetumaliza. Lakini kabla hujamfanya mtu kichekesho, mfuate karibu umuulize, usisome tabasamu la mbali. Mgeni hana vingi, jina lake kwa watu wake ndilo alilokuja nalo. Na ukimkosea mbele za watu, usimnong'oneze samahani pembeni. Rudi palepale, kwa sauti ileile. Wakikucheka, rudia.

Mungu akutunze kwenye hizi treni na hizi shifti. Akupe watu wa kucheka nao mpaka mbavu ziume, na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akupe miguu ya kurudi. Amina.