Kazi Ndogo Ndogo Kabla ya Mlima

Kaka yangu alikuwa mvuvi, mchanja kuni na mfugaji hodari wa kuku, na yote hayo aliyafanya akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba kimoja Makongeni, pazia limefungwa ili jua lisipige kioo cha televisheni. Leo nacheka nikisema hivyo. Wakati ule sikucheka, wacha tu.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Kiwanda cha nguo alikofanya kazi pale Thika kilikuwa kimefungwa. Yeye alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma, mtu wa kusikia mashine ikikohoa akajua inaumwa wapi. Waliambiwa waende nyumbani, wataitwa. Walingoja kuitwa mpaka wakachoka hata kuulizana. Kile kidogo walichopewa mlangoni, wengine walinunulia mbuzi, wengine walikinywa chote. Kaka yangu alinunua televisheni kuukuu na mashine ya gemu, akatundika kibao mlangoni ili watu waje walipe wacheze.

Wazo halikuwa baya. Ubaya ni kwamba hicho chumba ndicho kilikuwa nyumba. Mke wake alikuwa na mtoto mchanga, msichana, na alikuwa akimnyonyesha nyuma ya pazia huku upande wa pili wanaume wazima wanapiga kelele, "Vuta! Vuta! Usimwachilie!" Samaki huyo, jameni. Samaki wa kwenye kioo! Mimi nilipanga chumba kingine kwenye ploti hiyo hiyo ya vyumba vya kupanga, nikifanya kazi kiwanda cha mananasi, na kila nikirudi nilimkuta wifi yangu amekaa nje kwenye ngazi na mtoto mapajani kwa sababu ndani hakuna pa kugeukia. Siku moja alifunga nguo zake. Hakugombana na mtu. Alimwambia kaka yangu mbele yangu, "Naenda kwa mama. Siku utakuja kunichukua, nitarudi. Lakini uje wewe mwenyewe, na useme hivyo mbele yake."

Mama yake alikuwa akiishi Kiuu, kule Ruiru, upande wa Githurai. Kutoka Thika hadi Ruiru si safari, hata mtu wa kuuza mayai anaenda na kurudi kabla ya saa sita. Kaka yangu alisema ataenda Jumamosi. Ikawa Jumamosi ile, ikawa nyingine, mtoto akaota meno, akatembea, akaanza kuongea, na baba yake bado anaenda Jumamosi.

Sasa niwaambie kuhusu hiyo gemu, maana ndiyo iliyomkalia.

Ilikuwa na maandishi ya Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Aliyemuuzia alikuwa ametoa mashine za mtumba kutoka huko Japani, na gemu ikaja ndani yake kama kikombe kilichosahauliwa kwenye kabati. Kulikuwa na msafiri mwenye mkoba mgongoni ambaye anafika kwenye bonde, na bonde lote ni lako, unaenda unakotaka. Juu kuna mlima mweusi wenye geti la mawe. Yule muuzaji alimwambia kaka yangu kwamba kazi yenyewe iko huko juu: kuna jitu limewafungia watu wa bonde wasitoke, unaenda kupigana nalo, ukishinda gemu imeisha. Hizo nyingine zote ni kazi ndogo ndogo za kupitisha wakati. Unaweza kuvua samaki. Unaweza kuokota mayai. Unaweza kumpelekea mzee mmoja kuni na yeye anakupa uyoga, uyoga unampelekea mama mmoja na yeye anakupa maziwa, maziwa unayasambaza nyumba kwa nyumba. Kukicha tena kwenye gemu, jogoo anawika, kuku wametaga, mzee amemaliza kuni zake na anakuangalia kama hajawahi kukuona.

Watoto wa mtaa walicheza siku chache wakachoka. "Hii ni gemu gani, ni ya kutumwa tu!" Wakahamia kwingine kwenye gemu za mpira na vita. Waliobaki ni wale wanaume wa kiwandani.

Hao ndio walioichukua hiyo gemu wakaifanya kiwanda. Aliyekuwa nyapara wao alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, akaangalia kwa muda, kisha akaanza kugawa kazi. Wewe ni mayai. Wewe ni kuni. Wewe una mkono mwepesi, kaa mtoni. Wakapanga zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Mashine ilikuwa na kadi moja tu ya kuhifadhi mchezo, kwa hivyo wote waliishi ndani ya yule msafiri mmoja, na ilikuwa mwiko kuondoka kabla ya kumwambia anayekupokea zamu umefikia wapi. "Nimeacha maziwa nyumba ya mwisho. Mbwa wa pale ni mkali." Walisema hivyo kwa uso wa kazi kabisa, na anayeingia anaitikia kwa kichwa, anakunja mikono ya shati. Wengine walikuja na chakula chao kwenye mikebe. Wake zao waliniuliza kisimani, "Na mayai ya leo yako wapi, tukaange?" tukacheka, halafu kila mtu akainua ndoo yake.

Nilimuuliza kaka yangu siku moja, wenzake wameenda kula, "Kwa nini hamwendi mlimani?"

"Bado hatujakuwa tayari. Tuongeze samaki kwanza."

"Samaki wa nini? Mkoba umejaa, hata mimi naona."

Alizima sauti ya televisheni. "Sikiza. Tukienda huko juu tukashinda, imeisha. Hawa watu wataamkia wapi kesho?"

Nilitaka kumwambia mlima wa kwenye kioo unaweza kukungoja hata miaka kumi, ukivua samaki wako hao, lakini mtu hangoji hivyo. Nilimwambia tu, "Na Kiuu je?" Akasema, "Jumamosi," akaongeza sauti.

Mimi nilikuwa nikienda kumwona wifi mara kwa mara baada ya ibada. Siku moja alinipeleka nyuma ya nyumba, pale wapangaji wanapoanika nguo, akanieleza pole pole kama mtu anayeelekeza njia. Shangazi yake alikuwa amempatia kazi kwenye shamba la maua Naivasha, na mahali pa kukaa yeye na mtoto. "Mwambie aje Jumapili ijayo. Akisema neno moja mbele ya mama, kwamba amekuja kutuchukua, nitabeba mtoto turudi Makongeni siku hiyo hiyo. Hata hizo kelele za samaki nitavumilia. Asiposema, Jumatatu tunaenda Naivasha, na asitufuate huko. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wifi. Langu limeuma vya kutosha."

"Nitakuja naye. Nikiona anasita, nitasema mimi."

"Hapana. Usithubutu. Nikirudi kwa mdomo wako, nitakuwa nimeolewa na wewe."

Nikaahidi. Nilimfikishia kaka yangu kila neno, Naivasha na yote. Halafu akaomba pasi yangu ya makaa, akanyoosha suruali yake ya harusi mwenyewe, na Jumapili hiyo akamwambia nyapara kwamba hayuko. Mimi nilifurahi, aki ya Mungu, nilifurahi mpaka nikanunua mkate na majani chai ya kupeleka kwa watu.

Tulishuka Githurai tukatembea kuingia Kiuu. Njiani alikuwa akipunguza mwendo. Nikamwambia, "Unajua la kusema?"

"Najua."

"Liseme nisikie."

"Si wewe wa kuambiwa." Tukapita kibanda cha mkaa, tukapita wanaouza sukuma wiki. Halafu akasema akiangalia chini, "Na akikataa?"

"Amesema hatakataa."

"Watu husema. Saa hii sijauliza, kwa hivyo hajakataa. Unaona?"

Niliona. Ndiyo sababu na mimi nikapunguza mwendo.

Mama mkwe alikuwa ametutayarishia. Viti vimepanguswa vumbi na kutandikwa vitambaa, harufu ya chapati imefika barabarani. Wifi alisimama mlangoni kwa rinda la samawati na mtoto amejificha nyuma yake. Kaka yangu alishika geti la mabati kulifungua, geti likainama upande mmoja likakwaruza chini. Akasimama. Alilitazama, na mimi nikamwona uso wake ukilegea, ukapata raha, ule uso wa zamani wa kiwandani.

"Habari ya hapa, Mama. Hili geti limelegea bawaba."

"Limekuwa hivyo siku mingi. Karibu ndani, baba ya mtoto, karibu chai."

"Nakuja. Wacha nilishike kidogo tu, lisije likaanguka likaumiza mtu."

Akavua koti, akanipa mimi nishike. Akaomba nyundo kwa jirani. Mama mkwe alicheka, akasema ni mtu wa kazi huyu, tukaingia sisi wanawake. Tulikunywa chai tukisikiliza nyundo. Wifi alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, na kila nyundo ikinyamaza aliinua kichwa.

Geti likasimama. Halafu bomba la uani likawa linavuja, na mtu hawezi kuona maji yakipotea. Jirani aliyetoa nyundo akasema kama kuna fundi hapo, ana kitanda kinacholia. Mwingine akaleta pasi ya umeme isiyopata moto. Mama mmoja akaja na wilbaro iliyotoka gurudumu. Ile ploti ina vyumba vingi, na kila chumba kina kitu kilichovunjika. Kaka yangu alipokea kila kimoja kwa mikono miwili. "Leta. Hakuna shida. Leta tu." Alikuwa akipiga mluzi! Nilitoka nikainama karibu naye nikamwambia kwa meno yaliyofungwa, "Wewe, twende ndani, mama ya watu anangoja."

"Nimalize hii."

"Umesema hivyo kwa kitanda."

"Hii ni ndogo."

Mama mkwe alikuja mlangoni akamwita tena. Alisema anakuja. Chapati zikapoa. Mwishowe yule mama akaniangalia mimi, akamwangalia binti yake, akachukua sahani, akaweka chapati na kitoweo na kumpa wifi ampelekee huko nje. Ngai! Hapo ndipo nilipojua. Mgeni hali nje. Anayepelekewa sahani uani, akaila amechuchumaa kando ya vyombo vyake, ni mtu aliyeitwa kufanya kazi. Kaka yangu aliipokea, akashukuru, akala, akafuta mikono kwenye suruali ya harusi.

Jua likaanza kushuka upande wa reli. Wifi alikuwa bado amesimama pale uani mbele yake, mikono imefungwa kifuani, akimpa nafasi. Hakukuwa na mtu mwingine ila sisi, na mama yake kwenye kizingiti. Neno lilihitaji pumzi moja tu. Mdomo wangu ulijaa hilo neno. Nilifungua mdomo. Mama mkwe akatikisa kichwa, kidogo sana, nikaufunga. Nilisimama hapo na koti la mtu mzima mkononi.

Kaka yangu alishika mlango wa nyumba, akausukuma na kuuvuta. "Na huu pia, nimeona bawaba ya chini imechoka," akasema, akapiga magoti.

Mtoto alitoka nyuma ya mama yake. Alikuwa ameshazoea nyundo sasa, haogopi tena. Alimwendea baba yake karibu kabisa, akaangalia misumari iliyo mdomoni mwake, halafu akageuka akauliza kwa sauti ile ya watoto, ya kusikika mtaa mzima, "Mami, fundi amemaliza?"

Wifi alimtazama kaka yangu. Mimi nilimtazama. Alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga kwenye kiganja, na nikaona midomo yake ikitafuta.

"Bado kidogo, mrembo," akamwambia binti yake. "Imebaki hii moja tu."

Wifi akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani kufunga mizigo.