Maman Zaina na Kizibo cha Chargeur

Siku ya kwanza kazini, kule Ixelles, Ubelgiji, msimamizi wa usafi alinipa torchon mbili, vile vitambaa vya kupangusia, akasema: "Ya bluu ni ya choo, ya njano ni ya meza. Ukizichanganya, unarudi kwako." Bon, hayo ndiyo masomo yangu yote. Ninyi siku hizi mnapewa cheti cha kushika ufagio.

Ofisi ilikuwa ya mawakili. Usimamizi uliponifikia mimi, miaka ya tisini, nikaongeza sheria moja: chenye tundu kinasafishwa mpaka ndani. Taa, droo, mashine ya kahawa. Vumbi la ndani ndilo linalokucheka.

Wakati huo Maître, wakili mkubwa wetu, alikuwa na kesi ya chargeur, kile kisanduku cha chuma kinachobeba risasi za bunduki. Serikali ilikuwa imeweka kikomo cha risasi zinazoingia humo. Mteja wake, mzee wa klabu ya shabaha, alikuwa na chargeur kirefu, akakitia kizibo ndani ili kisizidi kikomo. Serikali ikasema kizibo hutoka. Maître akasema hakitoki, ila kwa fundi na mashine zake. Kesi nzima ilisimama juu ya kizibo hicho.

Asubuhi ya kwenda mahakamani, chargeur kilikuwa mezani kwa Maître. Zamu ilikuwa ya Maman Zaina, mama wa Bujumbura niliyemfundisha mwenyewe. Alikuwa mgeni kazini, na karatasi zake za kukaa Ubelgiji zilitegemea kazi hiyo. Maître akaingia na mteja, wakakuta chargeur kinang'aa, kizibo kimelazwa pembeni juu ya torchon ya njano.

"Nani ametoa hiki?"

"Ni mimi, Maître. Nyuma yake kulikuwa na uchafu, mubaya sana."

"Umetumia nini?"

Zaina akainua uma wa keki.

Mteja akawa mwekundu kama nyanya. "Mfukuze! Leo hii!"

"Mimi ndiye niliyemfundisha," nikasema kutoka mlangoni. "Akitoka, tunatoka wawili."

Maître akaketi, akautazama ule uma.

"Nimfukuze, monsieur? Kesho serikali itamchukua awe shahidi wao."

Maître akaiondoa kesi mahakamani siku hiyo hiyo. Zaina akabaki.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa ngazi. Vijana huniuliza kama nilijuta kumfundisha Zaina vile. Nijute nini? Tangu hapo Maître akiletewa kesi ya kitu cha kushikika, iwe kufuli au kifuniko, alikiweka kwanza mezani: "Maman Zaina, nipangusie hiki." Kikifika mchana kikiwa kizima, ndipo alipokubali kesi.