Kikombe Kilichoyeyuka Kamalondo

Nikifungua chupa ya mafuta ya karafuu, harufu yake hunirudisha mtaa wa Kamalondo, enzi za vita, jimbo la Katanga lilipokuwa limejitenga na nchi, kwenye meza ya shangazi yangu Mwajuma. Nakiri kwenu: nilijifundisha mwenyewe kuchanganya manukato, na nina wasiwasi kupita kiasi. Navaa glavu, najaribu kila aina ya mafuta kwanza, na majirani hunicheka. Enzi zile hakuna aliyejaribu chochote.

"Hii iko dawa ya muti," shangazi alizoea kusema. "Haiwezi kuumiza muntu."

Dada yangu Zaina alikuwa anaolewa, na asubuhi ya harusi shangazi angemsinga mwili mzima kwa mafuta hayo. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mlipuko upande wa uwanja wa ndege uliangusha bakuli lake la kioo likavunjika. Basi akapimia mafuta ya karafuu ndani ya kikombe chetu chekundu cha plastiki, kilichong'aa kama peremende.

Asubuhi kikombe kilikuwa kimelegea. Ukingo umeinama, kitako kimenata mezani, mafuta yamekuwa mekundu. Kitu kinachonukia harusi kilikuwa kimekula kikombe.

Shangazi alikitazama, kisha akamtazama Zaina, aliyekwisha kukaa mkekani, mabega wazi. Akakitupa kikombe na vilivyomo. Akachukua chupa, akadondosha tone upande wa ndani wa mkono wake mwenyewe, akaketi.

Wanawake waliokuja kumpamba bibi harusi walingoja. Ndege ya vita ikapita juu ya mabati. Mama Kapinga, jirani yetu kutoka Kasai, akashindwa kunyamaza.

"Mama Mwajuma, bantu banaogopa bombe, weye unaogopa mafuta?"

Wakacheka wote, hata Zaina.

"Bombe haiko mu mikono yangu," shangazi akajibu. "Hii mafuta, iko."

Tone lile likaacha doa jekundu lililovimba. Hapo ndipo alipoongeza karafuu kidogo sana kwenye mafuta mengi ya karanga, akajaribu mkono wa pili, akangoja tena. Ngozi ilipotulia, akamwita Zaina. Nyumba nzima ikanukia, na dada yangu akatoka anang'aa, bila hata doa.

Nilipokuwa mtoto nilidhani shangazi aliogopa. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba asubuhi ile, mbele ya watu waliomcheka, aliyaacha maneno aliyoyaamini maisha yake yote. Na ngozi aliyokubali iungue ilikuwa yake.