Betri Chini ya Kitanda

Nakumbuka jioni ile gari lilipoingia kwetu Mpumudde, Mwanangu, maana injini haijapoa babu yako akafungua boneti, akatoa betri, akanikabidhi niipeleke chini ya kitanda. Ilikuwa miaka ya tisini. Jinja wezi walikuwa wengi, na mwenye gari hakulala mpaka betri yake imeingia ndani. Sikushangaa, wenzetu nao walifanya hivyo. Ila wao ilifika siku wakajenga ukuta, au wakapata mlinzi, wakaacha. Babu yako hakuacha. Gomesi zangu zote, yale magauni yetu marefu, zilitoboka tumboni kwa maji ya betri. Nikishona tundu hili, linafunguka lile.

Mume wangu huyo alikuwa askari magereza, sajini, mtu wa funguo. Hata sokoni walimwita Afande. Sisemi alikuwa mbaya. Hakunipiga, na unga haukukosekana. Lakini alikuwa na methali yake moja, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kuku mwenyewe nilikuwa mimi, niliyetoka Mbale. Kila jioni aliniuliza nimetoka wapi, nani alikuja, nilicheka na nani kisimani. Nikajibu, akaridhika. Kesho yake akaanza upya, kama vile nimeolewa jana. Kamba ya kuku hufunguliwa akishazoea banda. Yangu haikufunguliwa.

Gari lenyewe lilitoka Japani, limeshatumika huko, halina klachi, gia zinajibadilisha zenyewe. Asubuhi lilikuwa na tabu. Linatetemeka, na ukikanyaga breki usimame, injini inazimika. Likishinda barabarani, jioni linarudi limetulia kama ng'ombe aliyezoea njia ya shamba. Kesho asubuhi, tabu ileile. Afande akasema limerogwa na yule aliyemuuzia.

Jirani yetu Mzee Hamisi, aliyeendesha mabasi mpaka macho yakamkataa, alikuja Ijumaa moja akitoka msikitini, akalisikiliza, akacheka. Akatueleza kwamba magari haya ya sasa yana kisanduku ndani ya dashibodi, kompyuta, na kisanduku hicho hujifunza. Kinajifunza mguu wa dereva, kama ni mzito au mwepesi. Kinajua njia ya hewa imeingia uchafu kiasi gani, kinajirekebisha pole pole mpaka injini ingurume vizuri hata gari likiwa limesimama. Lakini kumbukumbu yake inaishi kwa umeme wa betri.

"Afande, hapa hakuna mchawi," akasema. "Gari linajifunza kwako mchana kutwa, jioni unalifuta kichwa. Asubuhi linaamka halikujui. Safisha njia ya hewa, na betri iache mahali pake."

"Nikiiacha, atakayenijua ni mwizi," Afande akajibu.

Tulicheka sote, hata mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyofundishwa. Methali haikutuambia kwamba guu lenyewe linaweza kuwa la mtu mwingine.

Kisha kondakta wa basi la Mbale akaleta habari. Mama yangu, kule kwetu Nkoma, Mbale, hali yake mbaya. Ananiita kwa jina, ana neno la kuniambia. Alfajiri nikafunga kitambaa changu niende stendi. Mzee Hamisi naye akamsihi: mwache apande basi, mchana atakuwa kwa mama yake. Babu yako akakataa. Wakwe watamwonaje, ana gari na mke wake anashuka kwenye basi? Na katika basi ningekaa karibu na nani? Hilo la pili hakulisema, lakini nililisikia. Basi nikaitoa betri chini ya kitanda, nikambebea.

Miaka ile barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari. Kila kizuizi lazima usimame, na kila tukisimama linazimika. Pale Iganga likazimika katikati ya mbuzi na mafungu ya ndizi. Askari mmoja akamtania, "Afande, huyu ni mfungwa wako amegoma?" Babu yako akawasha na kuwasha, mpaka karibu na Tororo betri ikaisha nguvu. Vijana wakaja kusukuma, lakini gari la namna ile haliwaki kwa kusukumwa. Mabasi ya Mbale yakawa yanatupita. Nikainua mkono nisimamishe moja, babu yako akanishika.

"Kaa ndani, Mama Apio. Linakaribia kuwaka."

Nikakaa. Mtu akishazoea kamba, hata isipovutwa anasimama.

Mwishowe dereva wa lori akatuunganishia umeme kwa nyaya. Tulifika Nkoma jua likishuka, na vilio nilivisikia kabla ya kona. Mama alikuwa ameshafungwa taya. Wakaniambia aliuliza, "Amefika?" mpaka sauti ikamwisha. Neno lake hakumwachia mtu. Sijalijua mpaka leo.

Nilikuwa kwenye mkeka, karibu na kichwa chake, Afande alipoingia amebeba betri. Akatafuta kwa macho pa kuiweka, akaiweka pembeni, upande wa miguu ya mama. Mjomba wangu, kaka wa mama, mtu asiyepandisha sauti, akamtazama.

"Mkwe, hapa hatuna tena cha kuibwa," akasema. "Mtu asiyeacha kitu chake mahali pake hata siku moja, hatapata kitu kinachomjua."

Babu yako aliinamisha kichwa. Nikadhani amesikia. Tulirudi Jinja baada ya mazishi, na jioni ileile akafungua boneti, akaniita nipokee. Halafu akaniuliza yule mwanamume aliyenishika bega kaburini ni nani. Alikuwa binamu yangu. Nikamjibu. Niliendelea kujibu mpaka Mungu alipomchukua, lakini moyo wangu ulikuwa umeacha kujifunza kwake.

Sikuandikii haya kwa matumaini makubwa, maana nasikia siku hizi mnapekuana simu kila jioni. Hata hivyo nasema. Mwizi mfungie mlango. Lakini uliye naye ndani, mke, mume au mtoto, anajifunza uzito wa mguu wako pole pole, na kazi hiyo haifanywi kwa siku moja. Usimfute kila jua linapotua. Atachoka, na siku ya shida atakuzimikia njiani. Na mtu akiitwa na mama yake, mwache aende na chombo chochote kinachofika.

Mungu akujalie, Mwanangu, nyumba inayokujua, na kwa wale wanaokuita akufikishe wangali na sauti.