Jakaranda Karibu na Ukuta

Nilikataa kupanda flamboya kwa sababu karibu kila parseli, kila kiwanja cha nyumba, hapa Kalemie inayo, nami sikuona kwa nini wote tupende wekundu uleule. Nikachagua jakaranda. Kila kiangazi niliimwagilia maji, nikitaka dada yangu mdogo apigiwe picha za harusi chini ya maua yake ya zambarau.

Siku ya harusi jakaranda yangu ilikuwa na majani matupu, huku flamboya ya jirani ikiwaka juu ya ukuta wetu.

“Yaya, muti yako njo ya maua ao ya kuni?” dada aliniuliza mimi mkubwa wake, akakusanya shela, akaenda kwa jirani.

Nilimfuata, nikatabasamu pichani. Tuliporudi, nilimsimamisha mlangoni, nikamtoa petali nyekundu shelani, moja moja, kabla hajaingia kwetu.